Cyangugu Ndani ya Kamembe: Historia ya Makao Yaliyomezwa na Mji na Hatima ya Jina Lake

IKISIRI

Makala haya yanaeleza historia ya Cyangugu, makao ya kando ya Ziwa Kivu katika pembe ya kusini-magharibi ya Rwanda, ambayo kwa miongo mingi yalikuwa makao makuu ya mkoa mzima na ambayo leo ni kiunga kimoja ndani ya mji wa Kamembe, Wilaya ya Rusizi. Kwa kutumia ushahidi wa kihistoria na wa kiisimu, makala yanaonyesha kwamba eneo hili limepitia majina manne makuu, yaani Kinyaga, Cyangugu, Kamembe na Rusizi, na kwamba hakuna jina lililofutika kabisa: kila moja limehifadhiwa na taasisi au kundi fulani la watumiaji. Makala yanahitimisha kwamba kupotea kwa ujuzi wa majina ya zamani kuna athari halisi kwa usomaji wa kumbukumbu za kihistoria, za kimahakama na za kifamilia, na kwamba Kiswahili, kama lugha inayounganisha kingo mbili za Mto Rusizi, kina nafasi ya pekee katika kuhifadhi ujuzi huo.

1.0 Utangulizi

Historia ya miji mara nyingi huandikwa kwa kuufuata mji unaokua. Makao madogo yanayomezwa na mji huo hutajwa katika ukurasa wa kwanza, kisha hayaonekani tena. Mfano unaojulikana zaidi kwa wasomaji wa Kiswahili ni Mzizima, kijiji cha wavuvi cha Washomvi ambacho Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianzisha karibu nacho mji wa Dar es Salaam katika miaka ya 1860. Majid alifariki mwaka 1870 na mji ukadorora. Wajerumani walipoufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, Mzizima kilikuwa kimeanza kuwa jina la kihistoria tu. Hata hivyo, jina halikufa. Limebaki katika jina la shule, na mashabiki wa soka huliita pambano la Simba na Azam "Dabi ya Mzizima", ingawa wengi wao hawajawahi kuulizwa Mzizima palikuwa wapi.

Hali hii si ya Afrika Mashariki peke yake. Mwaka 1923 mji wa Milano nchini Italia ulitwaa kwa mkupuo jumuiya kadhaa zilizouzunguka, na miongoni mwazo ilikuwamo Lambrate. Mamlaka ya Lambrate yalikwisha siku hiyo, lakini jina lake liliendelea kutumika katika kituo cha reli, na kupitia kiwanda kilichokuwa hapo likazaa jina la pikipiki ya Lambretta iliyosambaa duniani baada ya Vita Kuu ya Pili. Kijiji kinaweza kupoteza mipaka yake huku jina likipata safari ambayo kijiji chenyewe hakikuwahi kuiota.

Cyangugu inatofautiana na mifano hii miwili kwa jambo moja la msingi. Mzizima na Lambrate yalikuwa makao madogo yaliyomezwa na mji mkubwa. Cyangugu ilikuwa ndiyo makao makuu, na Kamembe ilikuwa kilima kilichoko juu yake. Aliyekuwa mdogo ndiye aliyemmeza mkubwa. Makala haya yanaeleza jinsi jambo hilo lilivyotokea, na kwa nini linamhusu mtafiti wa lugha.

2.0 Kilima, boma na dhana ya kijiji

Kabla ya kusimulia historia hiyo, ni lazima kufafanua neno kijiji. Katika Kiswahili cha pwani, kijiji ni nyumba zilizokusanyika pamoja, zenye msikiti au kisima katikati, na zenye mpaka unaojulikana na mashamba nje yake. Rwanda ya zamani haikuwa na makao ya namna hiyo. Watu waliishi mmoja mmoja juu ya vilima, kila kaya ndani ya ua wake katikati ya mashamba yake. Kaya hiyo huitwa urugo, neno lenye asili moja na ugo wa Kiswahili, yaani uzio wa nyumba. Kizio cha utambulisho kilichofuata juu ya urugo kilikuwa umusozi, kilima. Mtu aliulizwa kilima chake, hakuulizwa kijiji chake.

Neno umudugudu, ambalo leo hutafsiriwa kama kijiji na ambalo ni kizio cha chini kabisa cha utawala nchini Rwanda, limepata maana hiyo ya kiutawala katika nyakati za karibuni. Kwa hiyo Cyangugu na Kamembe vinapoitwa "vijiji vya zamani", maana yake hasa ni vilima viwili vyenye kaya zilizotawanyika, kimoja kikishuka hadi ufukweni na kingine kikiwa juu, zaidi ya mita 100 kutoka usawa wa ziwa. Tofauti hiyo ya mwinuko ndiyo ufunguo wa historia yote inayofuata.

3.0 Kinyaga kabla ya mji

Jina la kale la eneo zima ni Kinyaga. Kinyaga ilikuwa nchi ya mpakani iliyopokea wahamiaji kutoka pande nyingi: kutoka Bushi ng'ambo ya Rusizi, kutoka kisiwa cha Ijwi, na kutoka sehemu nyingine za Rwanda. Mamlaka ya mfalme wa Rwanda yaliingia huko hatua kwa hatua, na yaliimarika hasa katika enzi ya Kigeli IV Rwabugiri, aliyefanya kampeni nyingi za kivita kuzunguka Ziwa Kivu hadi kifo chake mwaka 1895. Hata hivyo, si kila sehemu ilimezwa wakati huo. Falme ndogo za Bukunzi na Busozo, ambazo watawala wake walisifika kwa uwezo wa kuleta mvua, ziliendelea kujitawala kwa kiasi kikubwa hadi utawala wa Kibelgiji ulipozivunja katikati ya miaka ya 1920.

Jambo hili lina uzito katika mada ya makala haya kwa sababu linaonyesha kwamba kumezwa kwa Cyangugu si tukio la kwanza katika eneo hili. Bukunzi na Busozo zilimezwa na Cyangugu kama kizio cha utawala miongo mingi kabla Cyangugu yenyewe haijamezwa. Kila tabaka la majina limelala juu ya jingine.

4.0 Cyangugu: kituo cha mpakani

Cyangugu iliinuka kwa sababu ya mahali ilipo. Ziwa Kivu, lililoko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, hutoa maji yake kupitia Mto Rusizi unaoteremka kusini hadi Ziwa Tanganyika. Mahali mto unapotoka ziwani ndipo kivuko rahisi kilipo kati ya Rwanda na Bushi. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, mahali hapo palikuwa pia mstari ambao madola mawili ya Ulaya yaligombania.

Mwaka 1896 kikosi cha Dola Huru la Kongo kilipiga kambi Shangi, kaskazini ya Cyangugu, kikalishinda jeshi la Rwanda lililotumwa kukiondoa. Uasi wa askari wa Kongo mwaka uliofuata ulikilazimisha kikosi hicho kuondoka, na Wajerumani wakaingia mwaka 1898. Daktari na mtafiti Mjerumani Richard Kandt, ambaye baadaye aliteuliwa Mwakilishi Mkaazi wa Ujerumani nchini Rwanda na akaanzisha kituo cha Kigali, aliishi miaka kadhaa karibu na Shangi katika nyumba aliyoiita Bergfrieden. Mgogoro wa mpaka ulimalizwa kwa makubaliano ya mwaka 1910: mpaka ukafuata Mto Rusizi na kupita katikati ya Ziwa Kivu, na kisiwa cha Ijwi kikabaki upande wa Kongo.

Kwa makubaliano hayo, kivuko kikawa mpaka wa kimataifa, na kituo cha Kijerumani kilichokuwa Cyangugu kikawa lango la dola. Mwezi Aprili 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Kibelgiji yalivuka Rusizi katika eneo hilohilo, na utawala wa Kijerumani ukaisha. Wabelgiji waliendeleza Cyangugu kama makao ya utawala wa eneo la kusini-magharibi. Rwanda ilipopata uhuru mwaka 1962, Cyangugu ikawa mojawapo ya mikoa 10 ya jamhuri mpya, na jina la ukingo mdogo wa ziwa likawa jina la nchi yote kuanzia msitu wa Nyungwe hadi bonde la Bugarama.

Katika hatua hii, Kamembe ilikuwa sehemu ya Cyangugu. Jina lake lilibebwa na wilaya ndogo ya wakati huo, komini, mojawapo ya komini nyingi za mkoa huo.

5.0 Mji mkubwa wa ng'ambo

Historia ya Cyangugu haieleweki bila kuutaja mji ulio mbele yake. Bukavu, ulioko juu ya rasi kadhaa upande wa pili wa Rusizi, uliendelezwa na Wabelgiji kama mji mkuu wa Kivu. Kuanzia mwaka 1927 uliitwa Costermansville, kwa heshima ya ofisa wa kikoloni, kabla ya kurudishiwa jina lake katika miaka ya 1950. Leo unakadiriwa kuwa na wakazi zaidi ya milioni moja. Vilima vya Washi vilivyouzunguka, kama Panzi, vimekwisha kuwa mitaa yake.

Mbele ya mji wa ukubwa huo, Cyangugu iliishi kama kitongoji cha mji wa nchi nyingine. Wachuuzi wa samaki, mboga na maziwa huvuka daraja asubuhi na kurudi jioni. Umeme wa kingo zote mbili unatoka katika mto uleule: kituo cha Rusizi I kilijengwa katika miaka ya mwisho ya ukoloni, na Rusizi II kiliendeshwa tangu mwaka 1989 kama mali ya pamoja ya Rwanda, Burundi na Zaire ya wakati huo, chini ya Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu iliyoundwa mwaka 1976.

Uhusiano huo umekipa Kiswahili nafasi ya pekee. Katika sehemu nyingi za Rwanda, Kiswahili kiliingia kupitia wafanyabiashara wa pwani, askari na utawala wa Kijerumani, kikabaki kikihusishwa na Waislamu na wakazi wa mijini, kiasi kwamba neno umuswahili katika Kinyarwanda lilibeba pia maana ya mtu mjanja asiyeaminika. Katika Cyangugu na Kamembe, Kiswahili kilikuwa na sababu nyingine ya kuwapo: ndiyo lugha ambayo mtu wa Kinyaga na mtu wa Bukavu wanapatanisha bei. Mfalme hakuiamuru wala shule haikuifundisha kwanza. Soko ndilo lililoitaka. Rwanda ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, ilipokifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipoingia katika jumuiya hiyo mwaka 2022, sheria ilikuwa inafika mahali ambapo wauza samaki walikuwa wamekwisha kufika zamani.

6.0 Kamembe inapanda

Sababu za Kamembe kuizidi Cyangugu ni za kijiografia kwanza, kisha za kiuchumi na kihistoria.

Kwanza, Cyangugu imebanwa. Upande mmoja kuna ziwa, upande mwingine mto na mpaka, na nyuma yake mteremko mkali. Ofisi chache, kanisa kuu, forodha na nyumba za kando ya maji viliweza kujengwa. Soko kubwa na kituo cha mabasi havikuweza. Kamembe, umbali wa kilomita chache kwa barabara, ina ardhi tambarare juu ya kilima, na ndiyo maana uwanja wa ndege wa eneo hilo ulijengwa huko na kuitwa kwa jina hilo.

Pili, barabara hukutana juu. Njia inayotoka Kigali kupitia Huye na msitu wa Nyungwe, ile ya kandokando ya ziwa kutoka kaskazini, na ile inayoelekea Bugarama kwenye kiwanda cha saruji na mipaka ya Burundi na Kongo, zote zinaihudumia Kamembe. Anayekwenda Cyangugu ni yule tu anayekwenda mpakani au ziwani. Biashara hukaa penye njia panda, haikai mwisho wa njia.

Tatu ni historia ya mwaka 1994. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliokimbilia Kanisa Kuu la Cyangugu walihamishiwa katika uwanja wa michezo wa Kamarampaka, na kutoka humo wengi walichukuliwa na kuuawa. Walionusurika walipelekwa baadaye katika kambi ya Nyarushishi. Mkoa huo uliingizwa katika eneo lililoshikwa na majeshi ya Ufaransa kuanzia mwezi Juni, na yalipoondoka mwezi Agosti umati mkubwa wa watu ulivuka Rusizi kwenda Bukavu. Mji wa chini ulibaki na wakazi wachache. Maisha yaliporudi, yalirudi kwa nguvu zaidi juu, sokoni na kwenye kituo cha magari.

7.0 Mwaka 2006 na kushuka kwa jina

Kilichokuwa kimetokea katika uchumi kilithibitishwa na utawala mwezi Januari 2006. Mageuzi ya mwaka huo yalipunguza mikoa ya Rwanda hadi minne pamoja na Jiji la Kigali, na wilaya zikawa 30. Majina mengi yaliyozoeleka yaliachwa: Butare ikawa Huye, Gitarama ikawa Muhanga, Ruhengeri ikawa Musanze, Gisenyi ikawa Rubavu, Kibuye ikawa Karongi. Mkoa wa Cyangugu uligawanywa katika wilaya mbili za Mkoa wa Magharibi, Nyamasheke na Rusizi. Shangi, mahali pa vita vya 1896 na jirani ya nyumba ya Kandt, ikaangukia Nyamasheke.

Wilaya ya Rusizi ina mirenge, yaani kata, 18. Mmojawapo ni Kamembe. Ndani ya umurenge wa Kamembe kuna utugari, vizio vidogo vya utawala, na mojawapo ya utugari hutwo ni Cyangugu, sambamba na Gihundwe, Kamashangi, Kamurera na Ruganda. Jina ambalo kwa zaidi ya miaka 40 lilikuwa la mkoa mzima limerudi kuwa jina la ukingo wa ziwa, na ukingo huo umo ndani ya Kamembe. Rusizi, kwa upande wake, ilichaguliwa baadaye kuwa mojawapo ya miji sita ya pili baada ya Kigali inayopewa kipaumbele katika mipango ya maendeleo ya nchi.

Hata hivyo, si taasisi zote zilizofuata mabadiliko hayo. Jimbo Katoliki la Cyangugu, lililoundwa mwaka 1981, linaendelea kuitwa hivyo, na vivyo hivyo dayosisi ya Kianglikana. Hali ya matumizi kwa sasa inaweza kufupishwa hivi: serikali husema Rusizi, kanisa husema Cyangugu, kondakta wa basi husema Kamembe, na wazee wanaposimulia ukoo husema Kinyaga. Msikilizaji asiye mwenyeji huweza kudhani ametajiwa mahali panne.

8.0 Ushahidi wa majina yenyewe

Mzungumzaji wa Kiswahili anayo faida katika kuyasoma majina haya, kwa sababu sarufi yake inafanana na sarufi yaliyomo. Viambishi vinne vinatosha kuonyesha.

Kiambishi Ka- kinaonekana katika Kamembe, Kamashangi na Kamurera. Ni kiambishi cha ngeli ya udogo, ambayo Kiswahili sanifu kimeiacha na kazi yake kuibebesha ngeli ya ki-. Katika Kinyarwanda kiambishi hiki hugeuka kuwa Ga- kinapofuatwa na konsonanti isiyo na mghuno. Ndiyo maana yapo majina kama Gashonga na Gafunzo katika eneo hilohilo. Mofimu ni moja, maumbo mawili.

Kiambishi Ki- kinafuata kanuni hiyohiyo: Kinyaga hubaki na k kwa sababu konsonanti inayofuata ina mghuno, lakini Giheke na Gitambi huanza na g. Anayeijua kanuni hii hatayatafutia majina ya Ki- na ya Gi- asili mbili tofauti.

Umbo Cya- katika Cyangugu linalingana na cha ya Kiswahili: kama vile ki- na -a huungana kuwa cha katika "kitabu cha mtoto", ndivyo huungana kuwa cya katika "igitabo cy'umwana". Jina la namna hii linaonekana kama kirai kimilikishi ambacho nomino yake kuu imedondoshwa. Tahajia yake imebadilika kila utawala ulipobadilika: Wajerumani waliandika Schangugu, Wabelgiji Shangugu, na tahajia ya Kinyarwanda ikaleta Cyangugu. Mtafiti anayeingiza umbo moja tu katika orodha ya nyaraka atakosa nyaraka za tawala mbili.

Kiambishi Ru- cha Rusizi na Ruganda ni cha ngeli ambayo katika Kiswahili imebaki kuwa u-. Linganisha ururimi na ulimi, urukuta na ukuta. Upande wa Kongo jina la mto huandikwa Ruzizi. Ni mto uleule, na tofauti ni ya masikio na kalamu.

Maana za mashina ya majina haya ni suala jingine. Kila mahali huwa na simulizi inayoeleza jina kwa kuligawa katika maneno yanayofahamika, kama wakazi wa Dar es Salaam wanavyosema Msasani imetokana na mtu aliyeitwa Musa Hassani. Simulizi hizo ni hazina ya fasihi simulizi na zistahili kukusanywa, lakini zisichukuliwe kuwa ushahidi wa asili bila kupimwa kwa kanuni za sauti na nyaraka.

Upande wa pili wa ushahidi ni msamiati wa mji. Maneno mengi ya Kinyarwanda yanayotaja vitu vya mji yana asili ya Kiswahili: isoko, iduka, igorofa, umusigiti, idirishya, gereza, ibendera. Kilima kilikuwa na msamiati wake kamili wa ng'ombe, mashamba na kaya, na hakikuhitaji kuazima. Kilichoazimwa ni msamiati wa kile kilichokuja juu ya kilima. Ukiyapanga maneno hayo kwa mfuatano, unapata takriban ramani ya Kamembe: soko, duka, ghorofa, msikiti.

9.0 Kwa nini jambo hili lina uzito

Inaweza kuulizwa: kama watu bado wanaelewana, kuna hasara gani jina likibadilika? Yapo majibu matatu.

La kwanza ni la kimahakama. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliyokuwa Arusha ilisikiliza kesi inayojulikana kama kesi ya Cyangugu na kutoa hukumu mwaka 2004. Kumbukumbu zake zinataja mkoa na komini zisizokuwapo tena. Mahakama za Gacaca zilianza kazi kabla ya mageuzi ya 2006 na kufungwa rasmi mwaka 2012, baada yake. Kijana aliyezaliwa Kamembe mwaka 2006 leo ni mtu mzima. Akisoma katika ushuhuda kwamba jambo fulani lilitendeka "Cyangugu", hana budi kujua kama shahidi alimaanisha mkoa, mji au ukingo wa ziwa. Asipojua, anaweza kuliondoa tukio mahali lilipotokea, na kumbukizi isiyo na mahali hudhoofika upesi.

La pili ni la kifamilia. Vyeti vya ubatizo, vitambulisho vya zamani na barua za waliohamia Kongo, Burundi, Tanzania au Ulaya vimeandikwa Shangugu au Cyangugu. Wajukuu wao wanaotafuta kilima cha babu huanza na jina ambalo ramani ya sasa inawaelekeza kwenye akagari kamoja tu, hali babu huenda alitoka kilomita nyingi mbali, katika Bukunzi au bonde la Bugarama.

La tatu ni la kielimu. Kiswahili sasa ni lugha rasmi nchini Rwanda na hufundishwa shuleni. Mwanafunzi anayejifunza historia ya eneo lake anaweza kukutana na Kinyaga katika vitabu vya historia, Cyangugu katika nyaraka, Rusizi katika somo la uraia na Kamembe anapopanda basi, bila mtu kumwambia kwamba ni nchi moja. Tatizo hili lina ufumbuzi usio wa gharama kubwa: kamusi ya majina ya mahali inayoonyesha kila jina, tahajia zake, kipindi chake na mipaka yake katika kila kipindi, kwa Kinyarwanda na Kiswahili pamoja. Kazi hiyo inahitaji maarifa ya vyuo vikuu vya Rwanda na ya Bukavu pia, kwa kuwa mto una majina pande zote mbili. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ni chombo kinachofaa kuratibu kazi ya aina hii katika miji ya mipakani.

10.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Cyangugu ilipanda kwa sababu ya mpaka, ikashuka kwa sababu ya mteremko, na ikamezwa na Kamembe kwa sababu ya njia panda, kabla sheria ya mwaka 2006 haijaandika kile ambacho soko lilikuwa limekwisha kuamua. Imeonyeshwa pia kwamba majina manne ya eneo hili hayapingani. Kila moja ni la kipindi fulani na lina watunzaji wake, na sarufi ya majina hayo iko wazi kwa msomaji wa Kiswahili kuliko inavyodhaniwa.

Tofauti na Mzizima, ambako waliokijua kijiji kabla ya mji hawapo tena, Cyangugu bado ina mashahidi hai. Wapo wazee walioijua kama makao makuu, na wapo wanaoweza kusema kila mlima wa Kinyaga ulikuwa chini ya komini ipi. Ujuzi huo haujaandikwa wote. Ni kazi ya kizazi cha sasa cha watafiti kwenda kuuandika, kwa lugha ambayo kingo zote mbili za Rusizi zinaisoma, wakati wanaoujua wangali wapo wa kuulizwa.